Chora Mpaka Nikuone

Marubani wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Jina lilianza kama utani wa redioni. Rubani akiita kituo chetu asubuhi, kabla hajapewa habari za upepo wala urefu wa kurukia, aliulizwa kwanza kama amekunywa chai. Akisema hapana, alijibiwa: "Tumbo tupu, haya. Na tangi nalo? Nataka angalau kimoja kiwe kimejaa." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, haina haraka. Nimewahi kumsikia rubani wa ndege kubwa ya abiria, mtu mzima mwenye wajukuu, akiitikia "Ndiyo, Shangazi" kama mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari.

Mimi nilikuwa fundi wa rada kituoni hapo kwa miaka kumi na tisa. Yeye alikaa mbele ya skrini, mimi nilihakikisha skrini haifi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, pazia zito dirishani ili mwanga usiingie, feni moja iliyolia kila ikigeuka kushoto, na kiti chenye gurudumu bovu ambacho Shangazi alikataa kibadilishwe. Alikishonea mto wa kitambaa cha kijani. Mtu mwingine akikikalia, hata Mkuu wa kituo, alisimama nyuma yake akikohoa mpaka anyanyuke.

Hakuwa na mume. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mdogo wake wa mwisho alikuwa na sita. Alimchukua akamlea. Wachumba walikuja wakaondoka, na ukimwuliza kwa nini hakuolewa alisema wanaume wote aliokutana nao walikuwa hawajibu redio. Mdogo wake huyo walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, na Shangazi alimpenda kwa namna iliyokuwa inachosha kuitazama. Mtoto akipiga chafya, dada yuko mlangoni na blanketi.

Basi Kitinda naye, kati ya kazi zote za dunia, akaenda kusomea urubani. Dada yake alinuna wiki mbili, kisha akaamua kwamba kama ni lazima aruke, atarushwa na yeye. Jumapili moja mchana walinialika kula, na nikakuta somo linaendelea jikoni. Shangazi alikuwa amepangusa meza, akampa Kitinda kiberiti.

"Hiki ndiyo ndege yako," alisema. "Umeme umekufa. Redio hakuna. Kile kifaa kinachonitajia namba yako nacho kimekufa. Wewe ni bubu. Chini ni mawingu matupu, huoni ardhi. Unafanyaje?"

"Nakulilia wewe."

"Unanililia vipi na huna mdomo?"

Kitinda akasukuma kiberiti mezani. Mbele moja kwa moja kwa dakika mbili, akakata kushoto, dakika mbili tena, akakata kushoto, mpaka akarudi alipoanzia. Pembetatu. Ni alama ya zamani ya marubani. Mtu wa rada akiona nukta isiyo na namba inachora pembetatu angani, anajua huyu ni bubu na anaomba msaada. Hapo anaita ndege nyingine iliyo karibu imwendee, imwongoze, washuke naye polepole mpaka uwanjani.

"Na nikichora usinione je?" Kitinda aliuliza.

"Chora tena."

"Mafuta yakikaribia kuisha?"

"Chora mpaka nikuone," dada yake alisema, akamnyang'anya kiberiti akawashe jiko. "Mimi nipo pale pale. Nitakwenda wapi na kiti chenye gurudumu bovu?"

Kitinda akafuzu, akaajiriwa kurusha ndege ndogo ya injini moja iliyopeleka barua na dawa katika miji ya nyuma ya mlima. Maongezi ya kifamilia redioni ni marufuku, kwa hiyo naye alimwita Shangazi kama wenzake.

"Ndege ya posta, nyoosha sauti. Unaongea kama una mkate mdomoni."

"Nina mkate mdomoni, Shangazi."

"Meza ndipo uruke."

Nchi yetu, kwa bahati mbaya, imekaa katikati ya mataifa mawili makubwa yasiyopatana. Kazini tuliyaita Kaskazini na Kusini, kwa sababu Mkuu wa kituo hakupenda majina yao halisi yatajwe, alisema kuta zina masikio. Wakubwa hawa walikuwa wakipimana nguvu juu ya vichwa vyetu. Ndege za kivita za Kaskazini zinaingia kuwatazama Kusini, za Kusini zinapanda kuzifukuza, zote zikiwa zimezima kile kifaa cha kutaja namba. Hazibishi hodi, hazisalimii. Zinapita kwetu kama watu wanaokatiza uani kwa jirani maskini, wanaruka kamba ya nguo na kuendelea na ugomvi wao.

Ili mtu aelewe kilichotokea inabidi nieleze jambo moja la rada, na nitakuwa mfupi. Rada inaona kwa njia mbili. Ya kwanza, inarusha mawimbi, na chochote cha chuma angani kinayarudisha. Hapo skrini inaonyesha nukta tupu. Ya pili, ndege yenyewe inaitikia na kutaja namba yake; hapo nukta inapata jina. Ndege za abiria na za posta zilikuwa na majina. Wale wavamizi walikuwa nukta tupu.

Miaka ya mwanzo Shangazi alizichukulia nukta tupu kama matusi binafsi. Aliziita redioni moja moja: "Ndege isiyojulikana, uko ndani ya anga letu, jitambulishe." Kimya. Alirudia mara tatu kwa adabu zote, kisha akaandika kwenye daftari saa, mwendo na uelekeo. Daftari lilikwenda makao makuu, na makao makuu waliandika barua ya malalamiko kwa nchi husika. Baada ya wiki majibu yalikuja kwamba wamechunguza na hawana ndege yoyote iliyofika huko.

"Basi ni kunguru," Shangazi alisema. "Kunguru wa kilomita elfu mbili kwa saa."

Siku moja Mkuu wa kituo alirudi kutoka mkutanoni na tai mpya na sura ya mtu aliyebebeshwa mzigo. Hakuwa mtu mbaya, lakini mkubwa wake akikohoa, yeye anashikwa na mafua.

"Wakubwa wetu wako kwenye mazungumzo," alituambia. "Na Kaskazini, na Kusini. Kila barua tunayoandika inamkera mmoja wao. Tusipoona, hatuandiki. Tusipoandika, hatumkeri mtu."

"Kwa hiyo nifumbe macho," Shangazi alisema.

"Si kufumba, dada yangu. Tunasafisha skrini tu. Fundi, si inawezekana?"

Iliwezekana. Nilifunga swichi ndogo pembeni mwa skrini. Ukiishusha, nukta tupu zinapotea na unabaki na ndege zenye majina. Ukiinua, zinarudi. Ilinichukua asubuhi moja, na nilijivunia kazi yangu, maana nyaya zilikaa nadhifu kabisa.

Wiki ya kwanza Shangazi aliiinua kila Mkuu alipotoka. Wiki ya pili aliiinua mara moja moja. Baadaye akaacha. Nisimsingizie, nisimtetee: kazi ilikuwa rahisi zaidi. Kichwa kiliacha kumuuma, alimaliza chai yake ikiwa moto, na anga likaonekana la heshima, kila mtu na jina lake. Mtu huzoea. Mimi mwenyewe nilizoea, na mimi ndiye niliyejua vizuri zaidi kilichokuwa kimefichwa.

Mwaka wa tatu swichi ikalegea. Ikawa inaruka yenyewe, skrini inajaa nukta tupu ghafla wakati Shangazi anashusha ndege ya abiria. Siku aliyokuwa anaenda likizo alinishika mkono mlangoni.

"Fundi, hebu nitengenezee hiki kidude kabla sijarudi. Kinaniletea wageni katikati ya kazi."

Sikuwa na swichi nyingine, na kuagiza vipuri kulichukua mwaka na sahihi sita. Nikafungua paneli ya nyuma, nikaunganisha nyaya mbili moja kwa moja, nikazifunga kwa utepe. Nukta tupu zikafichwa daima. Swichi ilibaki pale kama pambo. Ukiishusha au ukiiinua, hakuna kinachobadilika. Nikamwambia Mkuu, akasema vizuri. Shangazi nilipanga kumwambia akirudi. Alirudi na picha za Kitinda na mchumba wake, anacheka, ananiuliza kama nina suti ya harusi. Nikasahau. Nimelitafuta neno jingine kwa miaka mingi na silipati. Nilisahau.

Ilikuwa Jumanne. Mawingu yalikuwa yamelala chini, meupe na mazito, yamefunika ardhi yote mpaka kiunoni mwa mlima. Saa tatu asubuhi Kitinda aliondoka na maboksi ya chanjo, peke yake.

"Umekunywa chai?"

"Vikombe viwili, Shangazi. Na tangi limejaa. Leo huna la kusema."

"Nitalipata."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Kisha nikatoka kwenda kumwaga oili ya jenereta, nyuma ya jengo, na huko nikakaa zaidi ya saa moja nikigombana na boliti.

Saa tatu na dakika arobaini nukta ya Kitinda ilipoteza namba na kutoweka. Shangazi hakushtuka. Ndege ndogo zikipita nyuma ya mlima, mlima huzimeza kwa dakika kumi hivi, kisha zinatokea upande wa pili. Akasubiri dakika kumi. Akaita. Akaita tena. Saa nne kamili aliinyanyua ile swichi kwa kidole chake mwenyewe, aone kama kuna nukta tupu yoyote. Skrini ikabaki safi. Akaamini kwamba upande huu wa mlima hakuna kitu, kwamba mdogo wake yuko ng'ambo, pengine ametua kwenye uwanja mdogo. Akashika simu akaanza kupiga kwenye viwanja vya ng'ambo, kimoja baada ya kingine.

Palikuwa na ndege ya abiria yenye nafasi, mafuta tele, na rubani aliyemwita Shangazi. Ilikuwa dakika tano tu kutoka alipokuwa Kitinda. Aliipa ruhusa iendelee na safari yake.

Saa nne na dakika ishirini na tatu nilisikia mishindo miwili angani, mmoja mkubwa, mwingine ukiufuata. Kopo la boliti likaanguka. Tuliijua mishindo ile: ni wao, wanafukuzana. Nikatukana kama kawaida yangu, nikafuta mikono, nikaingia ndani kunywa maji.

Shangazi alikuwa amesimama, simu begani, mto wa kijani uko sakafuni.

"Kitinda kanipotea," alisema. "Ng'ambo hawajamwona. Nimeinua swichi, huku pia hayupo."

Nilizunguka nyuma ya paneli, nikakata utepe, nikazitenganisha zile nyaya. Skrini ikaonyesha nukta mbili zenye kasi, moja inakwenda kaskazini, moja inakwenda kusini. Kati yao hapakuwa na kitu.

"Hao ndio kwanza wanaingia?" aliniuliza.

"Nadhani," nilisema. "Nilikuwa naangalia fyuzi."

Walimpata siku ya pili kwenye mteremko wa mlima, upande wetu. Bawa moja lilikuwa mbali na mabaki mengine yote, limeng'olewa hewani. Ndege ya kivita ikipita karibu na kindege cha namna ile, upepo inaouacha nyuma unatosha. Betri na mashine ya kuzalisha umeme vilikuwa vimeungua. Inaelekea umeme ulimkatikia muda mrefu kabla ya hapo.

Mkuu alikuja na karatasi za maelezo. Ya Shangazi ilisema kwamba alipoinua swichi saa nne, skrini haikuonyesha ndege yoyote eneo hilo. Akasaini, kwa sababu ilikuwa kweli. Yangu ilisema mitambo ilikuwa ikifanya kazi kama ilivyoagizwa. Nayo ilikuwa kweli. Mkuu alitupa mkono wa pole, na machozi yalimlengalenga, halafu akazitia karatasi kwenye bahasha akaondoka nazo. Nilimchukia kwa muda wa kama nukta moja, kisha nikakumbuka nani aliunganisha nyaya.

Baada ya wiki tulikuwa sebuleni kwa Shangazi, ndugu na majirani wamejaa, televisheni imewashwa kwa sauti ndogo. Taarifa ya habari ikasema Kaskazini wametoa picha za rada yao, kuthibitisha kwamba ndege ya Kusini ndiyo iliyomsogelea marehemu. Hata kabla taarifa haijaisha, Kusini nao wakatoa picha zao kuthibitisha kwamba ni Kaskazini. Wakaonyesha zote mbili, zimeharakishwa, moja kushoto, moja kulia. Watu ambao kwa miaka yote walituandikia kwamba hawajawahi kufika kwetu, sasa walituonyesha anga letu waziwazi kuliko tulivyowahi kuliona sisi.

Mtangazaji alisema ndege ndogo ilionekana ikizunguka kwa muda mrefu kwa namna isiyoeleweka, na kwamba huenda ndiyo iliyozifanya pande zote mbili ziitilie shaka na kwenda kuitazama.

Shangazi alinyanyuka. Akapita katikati ya miguu ya watu, akasimama mbele ya televisheni, akaweka kidole kwenye kioo. Nukta ndogo ilikuwa inakwenda mbele, inakata kushoto, inakwenda, inakata kushoto, inakwenda. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Picha ilipofika mwisho, akageuka akanitafuta mimi.

"Saba," alisema. "Fundi, kachora saba."

Wengine walidhani amechanganyikiwa kwa msiba. Mjomba wake mmoja akataka kumkalisha, Shangazi akamsukuma.

"Kila pembetatu dakika sita. Dakika arobaini na mbili mtoto ananichorea. Hawa wamemwona. Hawa nao wamemwona. Mimi niliinua swichi, fundi. Nilimwambia achore mpaka nimwone, na swichi niliinua. Kwa nini sikumwona?"

Ningeweza kusema fyuzi tena. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nikamwambia mbele ya watu wote: swichi haikuwa swichi tena, niliziunganisha nyaya kwa nyuma alipokuwa likizo, na sikumwambia kwa sababu nilisahau.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alisimama pale, mkono bado umenyooka kuelekea televisheni, na niliona anarudi nyuma mwenyewe, siku moja moja, mpaka mlangoni siku ile ya likizo.

"Nilikuomba mimi," alisema taratibu. "Nilisema kinaniletea wageni."

Nikainamisha kichwa.

Hakurudi tena kazini. Mazungumzo ya wakubwa yaliendelea, bandari mpya, tunda la mazungumzo hayo, ikafunguliwa kwa tarumbeta, na baada ya miezi miwili ikaja barua kwamba skrini iendelee kuwa safi. Mimi nilizitenganisha nyaya zile na sikuziunganisha tena. Mkuu aliziona nukta tupu zimerudi, akanitazama, akatoka nje. Jambo hilo nitamkumbukia kwa wema.

Mpaka nilipostaafu, kila asubuhi saa tatu na dakika arobaini simu ya chumba cha rada ililia.

"Fundi, unaona nini?"

"Mbili za Kaskazini, ziko juu sana. Moja ya Kusini inapanda."

"Andika."

Niliandika, saa, mwendo na uelekeo, kwenye daftari la shule nililonunua mwenyewe, ambalo hakuna ofisi iliyowahi kuliomba. Alingoja mpaka asikie kalamu imetulia.

"Na nyingine? Ndogo, inayozunguka?"

"Hakuna, dada."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia vizuri, kila siku, mpaka mwisho wa skrini.